Kijiti Juu ya Nyumba ya Mtunzaji

Mtu akimletea kitu, mtunzaji wa makumbusho yetu hakukipokea kwanza. Alikitazama kikiwa bado mikononi mwa mwenyewe, akavuta pua kidogo kama anayenusa mvua, kisha akauliza, "Hii imemaliza kazi?" Jibu likiwa bado, alimwambia arudi nacho nyumbani. Jibu likiwa ndiyo, aliuliza tena kwa Kijaluo, safari hii polepole, kwa sababu aliamini kwamba mtu anaweza kudanganya kwa Kiswahili bila taabu, lakini lugha ya mama yake itamkwaza.

Nilikuwa seremala wake. Tangu miaka ya sitini ilipokuwa inaishia hadi karibu na mwisho wa ile ya sabini nilimtengenezea kabati za vioo, rafu, na vibao vidogo vya kuandikia maelezo, ambavyo pia nilivipaka rangi na kuviandika mwenyewe, maana mwandiko wake ulikuwa wa daktari. Makumbusho yetu yalikuwa ghala moja la zamani karibu na bandari ya Kisumu, lililowahi kuwekwa pamba. Mvua ikinyesha hatukusikilizana kwa kelele za mabati. Nyuma ya ghala palikuwa na uwanja wa nyasi ulioshuka mpaka kwenye matete, na viboko walikuja kula hapo bila kutuomba ruhusa.

Nilimpenda mzee huyu, na aliniudhi sana. Nayasema yote mawili mapema ili msomaji asije akadhani nataka kumfanya malaika.

Alikuwa mrefu, mwembamba, kaptura yake ya kaki imepigwa pasi mpaka unaweza kukata mkate nayo, soksi zimevutwa hadi magotini. Alitembea mikono nyuma hata alipokuwa peke yake. Hakupenda mtu apige mluzi ndani ya ghala. Hakupenda chai iingie ndani ya ghala. Hakupenda kitambaa cha kupangusia vumbi kiwe na rangi, kwa kuwa siku moja kitambaa chekundu kiliacha alama kwenye ngao ya ngozi ya nyati, na siku hiyo alitufokea sote, pamoja na mlinzi ambaye hakuwa zamuni. Kesho yake alituletea sima na samaki wa kukaanga, akatuwekea mezani, akaondoka bila kusema neno. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi, na tuliizoea.

Watu waliokuja kuona mikuki tu aliwasikitikia. Mikuki ilikuwepo, bila shaka, na kofia za manyoya ya mbuni, na ile kofia moja ya meno ya kiboko ambayo kila mgeni alitaka kuivaa. Kulikuwa na nyatiti tatu, moja imekatika nyuzi zote, na vyungu vya kila tumbo: cha maji, cha mboga, cha pombe na mirija yake mirefu. Lakini katikati ya hivyo vyote aliweka mizani ya duka la Mhindi, taa ya mtu wa reli, cherehani iliyoliwa na kutu, medali ya askari aliyerudi vitani na mguu mmoja, na picha ya rangi ya ziwa aliyoichora mmishonari fulani, ambayo milima yake ilikuwa mikubwa kuliko ilivyo.

Nilimwambia, "Mzee, hii picha mbaya. Hii mlima haiko hivi."

"Najua," akasema. "Andika hivyo hivyo kwenye kibao. Mchoraji aliona mlima mkubwa kuliko uliopo."

Nikaandika. Wageni walicheka mbele ya picha ile kuliko mbele ya kitu kingine chochote.

Vibao ndivyo vilivyokuwa dini yake ya pili. Kibao kisiseme kitu ambacho hakijui, alikuwa akisema, na kisiseme zaidi ya kile kinachokijua. Kuna bwana mmoja kutoka mjini aliyetuuzia kiti cha miguu mitatu, akaapa kwamba babu yake alikikalia alipowapokea Wazungu wa kwanza. Mimi nilikigeuza nikaona alama za msumeno, msumeno mpya, na harufu ya majani ya chai ikanijia puani. Kilikuwa kimechemshwa ndani ya chai na kukaushwa juu ya moshi. Nilidhani mtunzaji atamfukuza. Alikichukua, akanunua, akanitaka niandike: "Kiti kipya kilichozeeshwa kwa majani ya chai. Kazi nzuri." Yule bwana alikuja siku nyingine na rafiki zake kuonyesha kiti cha babu yake, akasoma, akatoka haraka, na tangu hapo alikuwa akivuka barabara akituona.

Mtunzaji alikuwa mtu wa kanisa, wa Jumapili na wa Jumatano. Hata hivyo tulikuwa na kibuyu cha mganga kilichotoka upande wa Nyakach, na kauri zake ndani, na mtunzaji ndiye aliyekichagulia rafu nzuri kuliko zote, yenye mwanga wa dirisha. Kabla ya kukigusa aliomba, kwa sauti, akakigusa, akaomba tena. Pasta akitembelea ghala, mtunzaji alikifunika kwa kitambaa cheupe. Nilimuuliza kama anaona aibu.

"Aibu ya nini? Nafunika ili pasta apumzike," akasema. "Akitaka kuona, kitambaa si mlango."

Jambo lililonishangaza zaidi ni chumba chake. Alipanga chumba kimoja mtaa wa Nyalenda, karibu na bomba la maji ambapo akina mama waligombana tangu alfajiri, na ndani hamkuwa na kitu hata kimoja cha zamani. Vikombe vya plastiki. Kitambaa cha meza cha nailoni chenye maua. Redio ya betri. Kikombe kikipasuka, alikitupa siku hiyo hiyo. Nilipomtania kwamba angalau awe na chungu kimoja cha kupozea maji, alikunja uso.

"Vitu vya zamani vinafuga mende, Fundi. Mimi nafanya nayo kazi. Nyumbani nataka kupumzika."

Alisema nyumbani, lakini chumba cha kupanga hakikuwa nyumbani, na yeye alijua kuliko mimi. Mke wake alikufa kijana, hawakujaliwa mtoto, na baada ya mazishi hakurudi kwao Asembo kujenga. Aliendelea kusema atajenga mwaka ujao. Watu wa ziwa huku, na sisi wa Bunyore pia, tunamhesabu mwanamume kwa nyumba aliyonayo kwao, hata iwe ya udongo na mjini analala kwenye zege. Asiye nayo, akifa, hujengewa kibanda cha haraka huku wapishi wakiwa tayari wamewasha moto, ili mwili wake usilale nje kama wa mpita njia. Jambo hili lilimuuma. Hakulisema kwangu wazi mpaka mwishoni kabisa, lakini wageni wakimuuliza kwake ni wapi, alijibu jina la mahali, hakujibu kama yupo mtu huko.

Safari zetu za kukusanya vitu tulizifanya kwa gari la wakubwa wa serikali, nami nikikaa nyuma na masanduku na majani makavu ya kufungia. Safari ya Asembo Bay ndiyo niliyoipenda. Pale alikuwepo mama mmoja muuza samaki, mpana wa mabega, aliyekuwa na mtego wa matete uliosukwa na mama mkwe wake, mwembamba mdomoni na mnene tumboni, kazi safi ambayo hata mimi wa mbao niliiheshimu. Mtunzaji aliutamani mtego ule vibaya sana. Kila tulipofika alikunywa uji wa mama yule, akasifu uji, akazunguka mtego, kisha akauliza.

"Mama, hii imemaliza kazi?"

"Bado, Jaduong'. Jana tu imekula kamongo." Mama akacheka; alimwita hivyo, yaani mzee, kwa Kijaluo. "Ngoja kwanza. Ikikataa samaki nitakuletea mwenyewe."

"Basi iendelee," alisema mtunzaji, na tulirudi Kisumu mikono mitupu, yeye akiwa amenuna njia nzima. Nilimwambia tungempa mama nyavu mpya za nailoni tubadilishane. Alinigeukia kana kwamba nimempendekezea tuibe.

"Ukichukua kitu ambayo bado inafanya kazi, umechukua mkono wa mtu. Hiyo si makumbusho."

Sasa nifike kwenye nyumba.

Wakubwa waliona kwamba ghala halitoshi. Watoto wa shule walikuwa wakija kwa malori, na wakubwa wakataka pale kwenye uwanja wa nyasi pajengwe nyumba ya mwanamume wa zamani, ya udongo na nyasi, ili watoto waingie ndani waone. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa habari njema. Mtunzaji aliipokea kama mtu aliyeambiwa avae nguo ya maiti. Kila kitu katika mkusanyiko wake kilikuwa kimetumika, na sasa aliambiwa aweke nyumba ambayo haijawahi kulaliwa, nami niiandikie kibao.

"Nitaandika nini?" nilimuuliza.

"Ngoja," akasema, na alingoja kweli, akatafuta nyumba ya zamani ya kuhamisha. Lakini nyumba ya udongo haihamishwi, na zilizokuwa wazi zilikuwa za wafu, ambazo huachwa zianguke zenyewe. Mwishowe alikubali ijengwe. Alimleta mwezekaji kutoka Pap Onditi, mzee mkali mwenye kisu cha nyasi kiunoni, na kazi ikaenda vizuri, kuta zikakauka, nyasi zikapanda ngazi kwa ngazi mpaka kileleni.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Juu kabisa ya nyumba ya mwanamume huchomekwa kijiti kilichochongoka, osuri kwa Kijaluo. Kijiti hicho ni mwenyewe. Kikisimama, mwenye nyumba yu hai. Akifa, huondolewa, na kila apitaye njiani huona paa limekatwa ncha akajua. Kwetu pia kipo, kwa jina lingine, kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Ila niliiona ile nyumba kama kabati jingine kubwa. Nilichonga kijiti kizuri, nikakipiga msasa, nikakipaka vanishi mara mbili, nikapanda ngazi nacho huku nikijisifu.

Mwezekaji aliniona nikiwa karibu kufika juu. "Wewe! Shuka! Hiyo nyumba yako?"

"Si yangu, Mzee. Ni ya makumbusho."

"Makumbusho ni mwanamume? Ina mke? Inakula?" Alishika ngazi akaitikisa kidogo, na mimi huko juu nikakumbatia nyasi. "Kijana, weka hiyo kitu hapo, basi wewe ndiye mwenye nyumba, na bibi yako atakuuliza hapa Kisumu unamweka nani."

Nilishuka. Mafundi wote walikuwa wamesimama. Ofisa mmoja wa wakubwa, aliyekuja kuona kazi, alisema acheni mambo ya ushirikina, wekeni kijiti, watoto wanakuja wiki ijayo. Mwezekaji akajibu kwa upole wa kutisha kwamba yeye anaweza kuezeka nyumba ya mtu aliye hai, na anaweza kuondoka kwenye nyumba ya mtu aliyekufa, lakini nyumba ya mtu ambaye hayupo kabisa hajui inaezekwaje. Bila kijiti, ni nyumba ya marehemu, na watoto wasiingizwe humo kuchekacheka. Na kijiti, lazima kiwe cha mtu.

Ofisa alitazama saa. Mtunzaji alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, anatazama matete.

"Weka," akasema hatimaye. "Ni yangu."

Hakuna aliyecheka. Mwezekaji akamuuliza kwa Kijaluo kama amesema kwa kinywa au kwa moyo. Sikupata maneno yote, ila nilimwona mtunzaji akiitikia kwa kichwa. Mwezekaji alichukua kijiti changu mkononi mwangu, akakwangua vanishi yote kwa kisu, akapanda mwenyewe, akakichomeka. Usiku huo mtunzaji aliwasha moto ndani ya nyumba akalala humo, kwa kuwa nyumba mpya mwenyewe asipoilalia si yake. Asubuhi nilimkuta kwenye kizingiti, soksi zina majivu, ananywa chai. Chai, ndani ya makumbusho!

Aliniita niandike kibao. "Nyumba ya mwanamume wa ziwani. Imejengwa sasa. Mwenyewe yuko kazini."

Miaka iliyofuata alikuwa na kabuti lake limetundikwa humo ndani, na watoto wa shule waliposoma kibao walimtafuta ghalani wakimwita, "Mzee wa nyumba! Mzee wa nyumba!" Aliwafokea wasikimbie, lakini alitembea kwa namna nyingine. Watu wa ukoo wake walisikia, wakaja Kisumu kumuuliza kama amerukwa na akili, mtu mzima kuchukua nyumba ya maonyesho iliyojengwa kwa fedha za serikali akaifanya yake. Aliwapikia nyama, akawaonyesha nyumba, akakataa kubishana. Waliondoka wamekasirika.

Alistaafu kifua kilipoanza kumsumbua. Mahali pake alikuja binti kijana aliyesomea kazi hii Nairobi, mwerevu, wa Seme, asiyejua kufoka. Yeye naye nilimpenda. Kabla ya kuondoka mtunzaji alikaa naye ghalani siku nzima akimpitisha kitu kimoja kimoja, na nilisikia anamfundisha lile swali lake, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo.

Nilimwona mara ya mwisho Asembo Bay, kwa mtoto wa kaka yake. Walikuwa wamemjengea chumba cha pembeni, cha mabati, safi, cha mraba. Alilala kwenye kitanda cha kamba mlangoni ili apate hewa ya ziwa, na amekonda mpaka saa ya mkononi ilikuwa inazunguka. Nilimletea mkate na majani ya chai. Alinusa yale majani.

"Umeleta ya kuzeesha viti?"

Tulicheka mpaka akakohoa, na mtoto wa kaka yake akaja kumwinua. Alipopata pumzi alimwomba kijana akatuletee uji, ili tubaki peke yetu.

"Fundi. Nyumba yangu iko namna gani?"

"Iko sawa, Mzee. Nyasi upande wa ziwa imelika kidogo. Nitaita mtu."

"Na kijiti?"

"Iko."

Wanawake walikuwa wanaparua samaki chini ya kibanda, visu vikikwaruza, na yeye alisikiliza kana kwamba ni redio.

"Hawa wanasema hii ndiyo nyumba yangu sasa. Sawa, wacha waseme, wamefanya vizuri, sitawaudhi. Lakini mimi najua nyumba yangu ni ipi. Ni ile moja. Nimelala humo, nimewasha moto humo." Akanishika mkono. "Mimi sijawahi kuweka kibao ya uongo. Unajua?"

"Najua, Mzee."

"Basi ukisikia nimeenda, usingoje kuja matanga. Nenda kwanza pale, utoe kijiti. Siku hiyo hiyo. Watoto wasiambiwe niko kazini na mimi niko chini ya mchanga. Na wakikuambia urudishe, usirudishe."

"Nitatoa."

"Uape."

Niliapa. Nililia pia, mbele yake, mtu mzima na ndevu zangu, na yeye akanitazama kwa hasira kama ya siku ya kitambaa chekundu. "Uji unakuja," akasema. "Pangusa uso."

Habari ililetwa Kisumu na yule mama wa mtego. Alishuka na vikapu vyake vya samaki sokoni, akaviacha kwa mwenzake, akaja ghalani kwa miguu kunitafuta. Mtego aliubeba kichwani. "Jaduong' ameenda asubuhi," aliniambia. Kisha akauweka mtego mezani pangu, mdomo wa matete umepasuka, akafuta macho kwa leso. "Hii imemaliza kazi. Alikuwa anaitaka. Nimechelewa."

Nilichukua ngazi. Nilikuwa nimeshafika karibu na kilele cha ile nyumba binti mtunzaji aliponiona kutoka mlangoni mwa ghala, akaja mbio.

"Fundi, unafanya nini? Kesho lori tatu za shule zinakuja! Na wakubwa watakuwepo! Unaharibu nyumba!"

Nilishikilia nyasi kwa mkono mmoja na kijiti kwa mkono mwingine. Kilikuwa kimekazana, yule mzee wa Pap Onditi alijua kazi yake.

"Mwenyewe amekufa," nilisema.

Alitazama juu. Alitazama kibao. Aliweka mkono mdomoni, kisha akaja akashika miguu ya ngazi kwa mikono yote miwili, akaegemeza kifua chake hapo ili isitikisike. Nilivuta. Kijiti kilitoka na vumbi la nyasi, kikiwa cheusi kwa moshi upande uliokuwa ndani, hata mimi niliyekichonga nisingekitambua.

Niliposhuka alikuwa bado ameshika ngazi. Mama wa mtego alikuwa amesimama nyuma yake na mlinzi pembeni, amevua kofia. Binti hakunyoosha mkono kukipokea. Alikitazama kikiwa bado mkononi mwangu, akavuta pua kidogo, machozi yanamteremka, akauliza kama alivyofundishwa.

"Fundi, hii imemaliza kazi?"

"Imemaliza," nikasema.

Akaniuliza tena, polepole, kwa Kijaluo. Mimi si Mjaluo, lakini maneno hayo nilikuwa nimeyasikia maisha yangu yote ya kazi, nikamjibu kwa Kijaluo hicho hicho. Hapo ndipo alipokipokea.